Mfungwa si Maiti

Iko desturi mbaya iliyoingia katika nyumba zetu, nasi walimu tumeinyamazia siku nyingi mno. Mtu akifungwa, nduguze humfanyia kama wamfanyiavyo maiti, ila hawamlilii. Jina lake halitajwi tena barazani. Vyombo vyake hugawanywa. Shamba lake hulimwa na mwingine. Na mtoto wake akiuliza, huambiwa kwamba baba amesafiri. Mwezi wa kwanza watu huhangaika, na mwaka ukitimu hakuna aendaye gerezani wala aandikaye barua. Twataka kusema wazi kwamba jambo hili ni dhuluma, na hoja za wanaolitetea hazisimami.

Hoja yao ya kwanza ni hii: "Amejitakia mwenyewe." Twajibu kwamba si wote waliomo gerezani walio na hatia. Wengi ni mahabusu, watu wangojao kesi zao, na sheria yenyewe huwahesabu kuwa hawana kosa mpaka mahakama ithibitishe. Katiba ya Tanzania yasema hivyo katika ibara ya 13, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 katika ibara ya 50. Hata hivyo mahabusu aliyesahauliwa aweza kukaa ndani miezi mingi, si kwa kuwa kosa lake ni kubwa, bali kwa kuwa hakuna aliyekuja kumdhamini. Hakimu akisema kwamba dhamana iko wazi, mara nyingi kinachotakiwa ni mdhamini mmoja au wawili wenye makazi yanayojulikana, pamoja na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Je, katika ukoo mzima hapana mtu wa kufanya hayo?

Na yule mwenye hatia kweli? Yeye amekwisha kuhukumiwa. Hakimu amemwandikia miaka yake, naye anaitumikia. Lakini hakimu hakuandika katika hukumu yake kwamba mtu huyo asiwe tena na mama, wala mke, wala ndugu. Adhabu hiyo ya pili haimo katika kitabu cho chote cha sheria; tumeitunga sisi wenyewe.

Hoja ya pili ni aibu. Husema, "Watu watatuonaje tukisimama langoni pa gereza?" Wenye kusema hivyo aghalabu ni watu wa kanisani, nao wamesoma barua za Paulo. Basi na wakumbuke ya kuwa baadhi ya barua hizo ziliandikwa na mtu aliyefungwa minyororo. Na wamkumbuke Onesiforo, aliyefika Rumi akamtafuta Paulo kwa bidii mpaka akamwona, wala hakuuonea haya mnyororo wake. Tena Paulo huyo huyo alimwagiza Timotheo amletee joho alilokuwa ameliacha Troa, na vitabu vyake. Mtume alihitaji nguo ya baridi na kitu cha kusoma, kama wanavyohitaji wafungwa wa leo. Twawatazama wagonjwa hospitalini kila Jumapili na kwaya zetu, na hilo ni jema. Mbona njia ya kwenda gerezani imeota majani? Bwana wetu aliwataja wagonjwa na wafungwa pamoja.

Tena wahenga walisema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Wanaomtupa mfungwa humtupa na mkewe na watoto wake pamoja naye. Sisi walimu twayaona haya darasani. Mtoto aliyeambiwa kwamba baba amesafiri haipati kweli kwa mamaye. Huipata uwanjani, wakati wa mchezo, kinywani mwa mwenzake anayetaka kumwumiza. Siku hiyo hupotewa na wawili: baba, kwa kuwa amefungwa, na mama, kwa kuwa amemdanganya. Baadaye huacha kujibu maswali, kisha huacha kuja. Laiti angaliambiwa kweli kwa upole, akapewa na karatasi amwandikie babaye mistari miwili, angalisimama mbele ya wenzake bila hofu.

Hoja ya tatu ni umbali na umaskini, nayo hatuidharau. Mtu wa kijijini ambaye nduguye amepelekwa Isanga kule Dodoma, au Butimba kule Mwanza, nauli kwake ni neno zito. Naye huona vibaya kwenda bila kitu, maana mkono mtupu haulambwi. Lakini na tuulizane kwa haki. Arusi ikija, ukoo huu huu huunda kamati na kuchanga. Kila mtu huandikiwa kiasi chake, na asiyetoa husemwa. Nduguye akifa mbali, gari hukodiwa usiku huo huo kwenda kumchukua. Basi fedha ya kumfuata maiti yapatikana, na fedha ya kumfuata mtu aliye hai haipatikani! Watu kumi wakichanga kidogo kidogo, mmoja aweza kwenda kwa niaba ya wote, na safari nyingine akaenda mwingine. Na pasipo nauli, iko barua.

Hoja ya nne ndiyo hujifanya ya hekima: "Ukimsaidia mwovu wampalilia uovu wake." Hoja hii yakanushwa na mambo yaliyopimwa. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, wenye magereza walifuatia habari za wafungwa 16,420 waliofunguliwa kati ya mwaka 2003 na 2007, wakatoa matokeo mwaka 2011. Waliona kwamba kwa wale waliotembelewa, hatari ya kuhukumiwa tena kwa kosa kubwa ilipungua kwa sehemu 13 katika 100. Wala si ajabu. Mtu ajuaye ya kuwa kwao wamngojea hujichunga. Asiye na kwao hurudi kwa wale waliompokea, yaani wezi wenzake. Tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157. Wengine wakatoka, na wengine wakapunguziwa vifungo. Mlango wa gereza ukifunguliwa ghafula hivyo, aliyesahauliwa na nduguze aelekee wapi?

Na tutazame mfano wa Afrika Kusini. Nelson Mandela alipopelekwa Robben Island mwaka 1964, mwanzoni aliruhusiwa mgeni mmoja na barua moja tu kila miezi sita, na barua zenyewe zilikatwa na wakaguzi. Mama yake alikufa mwaka 1968, na mwanawe Thembi mwaka 1969. Hakuruhusiwa kumzika hata mmoja. Sote twaona uchungu tusikiapo hayo, na kuilaani serikali ile. Lakini kule kamba ilikatwa na watesi wake. Kwetu sisi, mara nyingi, kamba hukatwa na ndugu wa mfungwa kwa mikono yao wenyewe, na mlango uko wazi.

Hatusemi kwamba aliyedhulumiwa alazimishwe kwenda kumwona aliyemdhulumu; huyo ana haki ya kukaa mbali, na asisumbuliwe. Twasema na wale wengine wote. Wala hatuwaachi wakubwa wa magereza. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizokubaliwa Desemba 2015, ziitwazo kwa jina la Mandela, zasema katika kanuni ya 58 kwamba mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na jamaa na rafiki zake kwa barua na kwa kutembelewa. Na ya 59 kwamba, kadiri iwezekanavyo, afungwe karibu na kwao. Askari amfokeaye mama mzee langoni avunja kazi yake mwenyewe.

Basi yafanyike haya. Ulizeni siku za kuwaona wafungwa na vitu vinavyoruhusiwa, wala msijaribu kuingiza vilivyokatazwa, maana atakayeumia ni mfungwa. Andikeni barua, mkijua ya kuwa zasomwa: msiandike maneno ya kesi, andikeni habari za nyumbani, nani amezaliwa, mvua imenyesha vipi, mtoto amefika darasa gani. Msiahidi msichoweza. Ambieni watoto kweli. Shamba lake lilindwe, lisigawanywe. Nasi walimu tusione haya kumsaidia mtoto kuandika barua hiyo, au kumwandikia bibi asiyejua kusoma.

Hujafa hujaumbika. Hakuna nyumba iliyoandikiwa kwamba haitatoa mfungwa; na atakayetoka humo kesho atatendewa kwa desturi tuitakayoiweka leo.