Motokari mbili za bei kali, asiransi mbili

Tunaulizwa: Land Cruiser na Range Rover zote ziko za bei kali, juu ya nini asiransi haiko sawa? Asiransi ya lazima inafuata nguvu ya motere na kazi ya motokari. Inalipa mtu ule motokari imegonga, haitengenezi motokari yenyewe. Ile kubwa, ya kutengeneza yako, inaangalia bei ya piesi, garaji yenye kuiweza, na kama wezi wanaipenda. Piesi ikitoka mbali, bei inapanda.

Kwetu wachimbaji, tukumbuke: tangu 2019 SONAS haiko peke yake, basi tulinganishe bei. Na motokari ya bosi ikitugonga, tuandike numero ya asiransi yake. Ile ndiyo inatulipa, haiko huruma yake.