Maombi Sawa, Lakini Nani Ameshika Tiketi?

Leo programu na hifadhidata tuziweke kando kidogo, nina neno na ndugu zangu wa kanisa.

Ndege ya misheni ikichelewa utasikia sauti mbili. Ya kwanza: "Shetani anapinga kazi." Ya pili: "Mungu ana makusudi yake." Sibishani na imani ya mtu, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Lakini naona maneno hayo yamekuwa kichaka cha kuficha mipango mibovu. Na anayeumia zaidi si sisi tuliolala kwenye sakafu ya uwanja wa ndege. Ni mgonjwa aliyeambiwa daktari anakuja Jumanne.

Agosti iliyopita tulikuwa watu 14 kutoka Mombasa kwenda Salima, Malawi, kando ya ziwa, kwa kambi ya matibabu ya siku tatu. Aliyekabidhiwa kazi ya tiketi alifuata bei: Mombasa hadi Nairobi shirika moja, Nairobi hadi Lilongwe shirika lingine, tiketi mbili zisizojuana, na katikati nafasi ya saa mbili na nusu. Ndege ya kwanza ikachelewa saa tatu. Ya pili haikutungoja, na itungoje kwa nini? Kwenye mfumo wake sisi hatukuwa abiria waliochelewa, tulikuwa abiria ambao hawakutokea. Na asiyetokea safari ya kwenda, kwa kawaida hufutiwa na ya kurudi pia.

Tulifika Salima siku mbili baadaye. Wauguzi wetu walikuwa na likizo ya kuhesabu, kwa hivyo kambi ya siku tatu ikawa ya siku moja. Watu waliokuja kwa miguu siku ya kwanza walikuwa wamesharudi makwao.

Sasa tuangalie mitambo. Ndege ya safari za ndani hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku. Ukungu ukiifunga Nairobi alfajiri, deni linaweza kulipwa na abiria wa Mombasa jioni. Mashirika yana hata nambari ya sababu hiyo, 93: ndege imechelewa kufika kutoka safari iliyotangulia. Huko Ulaya, kuchelewa kwa kuambukizana namna hii huchangia karibu nusu ya muda wote unaopotea. Shetani ana kazi nyingi, lakini hii si lazima tumpe yeye.

Na jambo hili huonekana mapema. Siku ile ubao wa uwanjani ulikuwa bado unasema tuko sawa, na mimi kwenye Flightradar24 naiona ndege yetu imekaa Kisumu. Si uchawi. Ndege nyingi hutangaza zenyewe mahali zilipo kwa redio, masafa ya 1090 MHz, na yeyote mwenye kipokezi huzisikia. Nilijua saa nzima kabla ya tangazo. Haikutusaidia kitu, jameni, kwa sababu nambari zote za tiketi zilikuwa kwenye barua pepe ya mtu mmoja, na simu yake ilikuwa imezima. Mwanaprogramu yeyote angelia machozi. Huwezi kujenga mfumo wa watu 14 halafu uutundike kwenye betri moja!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tiketi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, hata ikiwa ghali. Ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya ile ya kwanza, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Kuna na sheria. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaoliwajibisha shirika kwa hasara ya kuchelewa katika safari ya kimataifa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilifanya kila linalowezekana kuizuia. Mizigo ikichelewa, unalalamika kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu uipokee. Lakini ukikata tiketi vipande vipande, shirika la kwanza litakwambia lilikuuzia Mombasa hadi Nairobi tu, safari ya ndani, na Malawi halikuijua.

Mifumo mingi ya tiketi hukubali watu 9 kwa mkupuo mmoja, kuanzia 10 ni kundi. Mkigawanywa, msigawanywe ovyo. Kila upande uwe na muuguzi, sehemu ya dawa na mtu wa kuongoza, na kila simu iwe na nambari zote.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, pesa za tiketi ghali zitoke wapi, wakati hata hizi tulizipata kwa harambee mbili? Swali la haki. Basi kama hatuwezi, tupande SGR siku moja kabla. Stesheni yake iko Syokimau, si mbali na uwanja wa JKIA, na makanisa ya Nairobi yana kumbi na magodoro. Tiketi mpya 14 tulizonunua Agosti hazikuwa na harambee yoyote. Zimebaki deni hadi leo.

Kamati inakutana Jumapili baada ya ibada ya pili kupanga safari ya Aprili. Nimeomba dakika kumi, baada ya maombi ya kufungua.