Mwenye Maneno na Mwenye Sauti



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), tunawaandikia safu ya wiki hii tukiwa Isiolo. Mji huu uko mbali na bahari, lakini kasida za Pwani zinausikilizwa katika harusi, katika hafla za madrasa na katika simu za vijana. Tuliyoyakuta huku yanawahusu pia wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, hasa kina mama wenye mabinti wanaopenda kutunga.

Siku moja, baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alikuwa na daftari la shule mkononi. Akatuambia, "Sheikh, binti yangu alitunga kasida hii kwa ajili ya harusi ya dada yake. Kijana mmoja wa Pwani aliyealikwa kuimba aliipenda, akaomba maneno, naye akampa. Sasa tunaisikia kila mahali, nayo imeandikwa kuwa mtunzi ni yule kijana. Binti hataki tena kushika kalamu. Je, ana haki, au maneno yakishatoka mdomoni ni ya watu wote?"

Tulilifungua lile daftari. Beti kumi na mbili, vina vimetimia, mizani haikupungua. Pembeni mwa ubeti wa tano binti alikuwa amekata neno mara tatu mpaka akapata linalofaa. Mwenye kutunga anajua ukataji ule umemchukua usiku mzima. Hatukumjibu mama papo hapo. Tulimwomba siku chache, na jibu letu ndilo hili. Tunaliandika kwa ajili yake na kwa kila kijana anayetaka kuifanya kalamu yake iwe kazi.

Kabla ya yote, tunajua kwamba wanazuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki, na hilo si somo letu leo. Tunazungumzia maneno yaliyo safi na haki ya aliyeyatunga. Dhuluma haiwi halali kwa sababu imefanywa ndani ya kasida.

Wasomaji wetu na waelewe kwanza kwamba kasida si kitu kimoja. Ndani yake mna maneno, ambayo ni ya mtunzi. Mna mahadhi, ambayo huenda yakawa ya mtu mwingine. Mna sauti ya mwimbaji, mna mapigo ya dufu, na siku hizi mna kazi ya fundi wa studio. Kila mmoja ameleta kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Kosa linaloharibu urafiki wa vijana wetu ni kudhani kwamba anayeonekana ndiye mwenye vyote.

Wazee wetu walilijua hili. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake: Subeti bin Ambari, Mbaruku, Budda bin Swedi, na Maalim Shaaban. Waliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, walisafiri kama kundi. Jina la Siti lilikuwa mbele, lakini majina ya wenzake hayakufichwa, ndiyo maana leo tunaweza kuyataja hapa.

Mombasa nako tulikuwa na Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971, na binamu yake Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa tarabu aliyefariki mwaka 2014. Mmoja alikuwa na kalamu na mwingine alikuwa na koo. Nyimbo nyingi alizoziimba Juma Bhalo zilikuwa maneno ya Ahmad Nassir, na watu wa Mvita walijua hivyo. Kwa kuwa na mwimbaji kama yule, maneno ya mshairi yalifika kwa watu wasiopata kufungua kitabu. Na kwa kuwa na mshairi kama yule, mwimbaji hakupungukiwa na la kuimba. Huo ndio ushirikiano, kila mmoja anamwongezea mwenzake wala hamli.

Tena ilikuwa ada ya watunzi wetu kutaja jina na mji katika ubeti wa mwisho. Wengine hudhani ni majivuno. Sivyo. Zamani shairi lilitembea kwa midomo, na ubeti wa tamati ulikuwa ndio saini yake. Mabinti zetu warudi kwenye ada hii. Mwimbaji akiukata ubeti wa mwisho, wasikilizaji wenye masikio watajua kuna kilichokatwa.

Na asije mtu akasema kutajwa jina hakumfai mwanamke. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake, akiwa ndani ya nyumba yake. Hakupanda jukwaani, na jina lake limebaki. Binti asiyependa uso wake uonekane wala sauti yake isikike hadharani anaweza kutunga maisha yake yote, maneno yakaimbwa na wengine, naye akapata heshima na riziki yake akiwa kwao. Akitaka kutumia lakabu, na atumie, mradi wanaohusika wajue lakabu hiyo ni ya nani.

Ama kuhusu haki yenyewe, mwaka 1988 Majmaa ya Fiq'hi ya Kiislamu ya kimataifa ilikutana Kuwait na ikaamua kwamba haki za utungaji na uvumbuzi ni haki zinazolindwa na sheria ya dini, na haifai kuzivamia. Elimu haifichwi, ni kweli, lakini kutofichwa si sawa na kunyang'anywa.

Sheria ya Kenya nayo inasema hivyo hivyo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi inakuwa na mwenyewe tangu inapoandikwa au kurekodiwa, na haki hiyo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lile daftari la binti wa Isiolo, lenye mikato yake na tarehe yake, lina uzito kuliko alivyodhani. Kusajili kazi kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, si sharti la kuwa na haki, lakini ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi.

Hata hivyo, hapa ni lazima tuseme ukweli usiopendeza. Kumhamishia mtu umiliki wa kazi hakufai ila kwa maandishi yenye saini. Lakini ruhusa ya kawaida ya kuitumia yaweza kutolewa kwa mdomo, au hata kufahamika kutokana na vitendo vya watu. Kwa hiyo binti aliyempa mwimbaji maneno na kumwacha aimbe, yawezekana amempa ruhusa ya kuimba. Asichompa ni umiliki, wala hakumpa ruhusa ya kujiita mtunzi. Haki ya kutajwa jina ni ya mtunzi hata akiwa ameuza kazi yake. Basi malalamiko ya mama yule yana nguvu upande wa jina, na upande wa fedha yana utata, kwa sababu siku ile hakuna aliyeandika lolote.

Hapo ndipo penye nasaha yetu kubwa. Katika Suratul Baqarah, aya ya 282, tumehimizwa kuyaandika madeni, dogo kwa kubwa, na kuweka mashahidi. Watu huisoma aya hiyo wakifikiria duka na ng'ombe. Ushirika wa kasida nao ni muamala. Wala kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Ni kuulinda uaminifu uliopo, maana shetani hupenya pale kumbukumbu za watu wawili zinapotofautiana.

Hati yenyewe haihitaji wakili wala lugha nzito. Iandikwe kwamba maneno ya kasida hii ni ya fulani binti fulani wa Isiolo, na mahadhi na sauti ni za fulani bin fulani. Iandikwe kwamba majina yote mawili yatatajwa kila inapotolewa. Itajwe nani atalipa studio, na mapato yatagawanywaje baada ya gharama hiyo kurudishwa: nusu kwa nusu, au vyovyote watakavyoridhiana. Iandikwe kama mwimbaji anaweza kumpa mtu wa tatu au la. Kisha tarehe, saini na mashahidi wawili. Aliye chini ya miaka 18 asiachiwe kusaini peke yake, mzazi au mlezi awepo. Hati ikishapigwa picha na kutumwa kwenye simu za wote wawili, kila mmoja ana nakala.

Fedha zenyewe zipo, ingawa si nyingi kama vijana wanavyoota. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yamesema katika mapato ya nyimbo zile za kumwitikia mpigaji simu, ambazo watu huziita skiza, mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52. Lakini asilimia hizo humfuata yule ambaye jina lake limeandikishwa. Vilevile wapo wakusanyaji wa mirabaha. Kabla ya kujiunga na chama chochote, mtunzi aulize KECOBO kama leseni yake ingali hai. Mengine ni ya harusini na maulidini: ujira wa mtunzi utajwe kando na ujira wa mwimbaji tangu siku ya kualikwa.

Zipo pia kazi ambazo mwenyewe hajulikani. Mwaka 1963, tume ya watu watano ilipotayarisha Wimbo wa Taifa letu, mahadhi yalitoka katika wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kumbembeleza mtoto. Nasi Wakenya tunasema hivyo bila haya, kwamba wimbo wetu ulianza mikononi mwa mama na mtoto wake. Isiolo ina hazina ya namna hiyo kwa Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kisamburu na Kiturkana. Binti anayetaka kutunga na akae na bibi yake, amsikilize, amwombe ruhusa, kisha aseme kwamba mahadhi haya nimeyapokea kwa bibi. Hatapungukiwa na kitu. Kinyume chake ni ule wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaufikisha mbali duniani, na mpaka leo wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania. Laiti pangekuwa na karatasi moja, mabishano hayo yasingekuwapo.

Kwa anayetaka kudumu katika kazi hii tunaongeza machache. Achague mwenzake kwa tabia kabla ya sauti, aangalie vipi anawataja watu ambao hawapo. Akubali kusahihishwa. Mwimbaji akisema neno hili halikai vizuri kwenye pumzi, pengine ni kweli, kwani yeye ndiye mwenye kulitoa. Aanze na madrasa na harusi za mtaani, ambako kosa linasameheka. Wala asiache masomo wala kazi yake kwa sababu ya kasida moja iliyopendwa msimu mmoja.

Tungekuwa wanafiki kama tungeyasema haya bila kukiri letu. Tulipokuwa vijana, tulighani katika hafla beti alizotutungia mwalimu wetu wa chuoni. Watu wakatusifu wakidhani ni mtungo wetu, nasi tukanyamaza. Mwalimu alikuwa amekaa safu ya nyuma. Hakusema neno, siku ile wala baadaye. Alifariki kabla hatujamwomba radhi. Kwa hivyo kijana wa Pwani tulipompigia simu, hatukuweza kumpigia kelele.

Tulimweleza taratibu. Mwanzoni alisema, "Sheikh, kwani si alinipa mwenyewe?" Tukamjibu, "Alikupa uimbe, mwanangu. Hakukupa jina lake." Alikaa kimya muda mrefu. Baada ya siku mbili aliyarekebisha maelezo ya kasida ile, jina la binti likaandikwa kuwa mtunzi. Kuhusu mapato bado wanazungumza, na tumewaomba wazazi wa pande zote mbili wakae pamoja. Hatujui yataishaje, na hatutawadanganya wasomaji kwamba yamekwisha.

Mama yule alirudi darsani na lile daftari. Ukurasa baada ya ile kasida ulikuwa na beti mbili mpya, za Ramadhani. Juu ya ukurasa binti alikuwa ameandika jina lake kamili na tarehe.

Kina mama, mkiona binti anaandika usiku, msimwambie azime taa kabla hamjasoma alichoandika. Na mkija kuombwa maneno yake na mwenye sauti nzuri, mkaribisheni, mpeni chai, kisha mleteeni karatasi na kalamu.

Wabillahi tawfiq.