Usomi wa Njoro Ufike Hadi Kwenye Mtungi wa Jirani

Msomaji, ukitaka kujua kama chuo kikuu kina faida kwa watu wanaokizunguka, usianze kwa kuhesabu majumba yake wala idadi ya wanaovaa joho siku ya mahafali. Toka nje ya lango, tembea hadi kwenye vyumba vya kupangisha na mashamba ya majirani, kisha watazame watoto wanapocheka. Katika sehemu nyingi za Nakuru na Bonde la Ufa la kati, utaona meno yenye madoa ya rangi ya kahawia, na mengine yaliyomomonyoka kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi.

Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, yapata kilomita 25 kutoka mjini Nakuru. Kilianzishwa mwaka wa 1939 na Bwana Maurice Egerton kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka wa 1987 kikawa chuo kikuu kamili. Hivi leo kinafundisha hata udaktari, na wanafunzi wake wa tiba hujifunzia katika hospitali kuu ya rufaa ya Nakuru. Chuo kama hiki kina maabara, wataalamu wa maji, wa udongo, wa lishe na wa afya. Swali langu ni hili: je, elimu hiyo imefika kwenye mtungi wa maji wa jirani?

Chanzo cha madoa hayo ni floraidi, madini yaliyomo katika miamba ya volkano ya eneo letu. Maji yanapopita ardhini huyabeba, na ndiyo sababu visima virefu vingi vya hapa vina floraidi nyingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Maji yanayozidi kipimo hicho huharibu meno yanapokuwa yangali yanajiunda ndani ya ufizi. Mtu akiyanywa kwa miaka mingi, na kiwango kikiwa juu sana, hata mifupa na viungo hukakamaa.

Wasomi wanayajua haya tangu zamani. Mwaka wa 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa Njoro kwenyewe, kuhusu jinsi maji ya kunywa yanavyochangia madoa ya meno ya watoto. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru nayo ilianza mwaka wa 1998 mpango wa kusafisha maji kwa kutumia mkaa wa mifupa, ambao hunasa floraidi. Kwa hivyo ugonjwa unajulikana, chanzo kinajulikana, na njia za kujikinga zipo.

Hata hivyo, akina mama wanaokuja kwa daktari bado huuliza dawa ya kusugua madoa hayo. Wengine wamekwisha kujaribu majivu na mchanga, wakaongeza jeraha juu ya jeraha. Wengi huamini kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama kwa kila hali. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki ndani ya sufuria na kiwango chake huzidi kupanda. Huu ndio umbali uliopo kati ya maktaba na jiko, nao si wa kilomita nyingi.

Tazama jinsi jambo lenyewe lilivyo jepesi likielezwa vizuri. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Kwa hiyo mtoto anayenyonya pekee kwa miezi sita ana kinga. Hatari huanza anapopewa uji, chai na maji. Kwa meno ya mbele, miaka mitatu ya kwanza ndiyo mibaya zaidi, na kwa meno mengine hatari huendelea hadi umri wa miaka minane hivi.

Familia isiyoweza kununua tangi kubwa bado inaweza kumwekea mtoto huyo maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi. Paa la mabati lenye ukubwa wa mita 20 za mraba, likipata mvua ya milimita 10, hupokea kama lita 200. Mtoto akitumia lita mbili kwa siku, kwa kunywa na kupikiwa, maji hayo yanatosha siku 100. Hiyo ni mitungi kumi tu ya lita 20. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kinga yanayofuata katika chombo safi chenye kifuniko, kisha uyachemshe kabla ya kumpa mtoto. Punguza chai nzito na magadi katika chakula chake, kwa kuwa navyo huongeza floraidi.

Maneno hayo machache yangeweza kusemwa na mwanafunzi yeyote kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, katika baraza la chifu, kanisani, au kwenye chama cha akina mama. Wanafunzi wengi wamepanga vyumba Njokerio na Ng'ondu. Wanachota maji pamoja na wenyeji na kununua maandazi kwao. Baadhi yao tayari ni wazazi. Tena wengine wametoka Baringo, Gilgil na Naivasha, ambako tatizo ni lile lile. Kila likizo wangerudi nyumbani na ujumbe huo.

Mfano hatuhitaji kuutafuta mbali. Huko Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kimewapeleka wanafunzi wake wa udaktari vijijini tangu miaka ya mwanzo ya kitivo chake cha tiba, wajifunze na kuhudumu katika vituo vya afya. Kutokana na ushirikiano wake na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulizaliwa mwaka wa 2001 mpango wa AMPATH, uliotibu maelfu ya watu wenye virusi vya Ukimwi na kuwafikisha wahudumu nyumba kwa nyumba.

Wako watakaosema kwamba kazi ya chuo ni kufundisha, na kwamba maji ni wajibu wa serikali ya kaunti. Ni kweli, Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti huduma za maji, na isikwepe mzigo wake. Lakini kaunti haiwezi kurekebisha kisima ambacho hakijapimwa, wala mama hawezi kujihadhari na kitu asichokijua.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, chuo kitenge siku maalumu kila mwaka ambapo majirani wataleta maji yao yapimwe kwa ada nafuu, na majibu yaandikwe kwa lugha wanayoielewa, yakiwa na ushauri wa la kufanya. Pili, kila mwanafunzi wa tiba, lishe au mazingira akabidhiwe nyumba chache zenye watoto wadogo, azitembelee hadi amalize masomo yake, na kazi hiyo apewe alama kama mtihani mwingine wowote.

Nawe msomaji, usingoje chuo. Ukiwa na mtoto mchanga, uliza kisima chako kilipimwa lini na kilionekana na kiwango gani, na ukinge maji ya mvua ijayo. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Meno ya kudumu huota mara moja tu maishani, na mtoto anayeanza kunywa uji mwaka huu hawezi kungoja utafiti mwingine.