Treni za Japani na watoto: Kabla ya kununua pasi, hesabu siku za mtoto

Mzazi anayepanga kwenda Japani na watoto, iwe ni kumtembelea ndugu anayesoma huko au kupumzika tu shule zikifungwa, hukutana mapema na tangazo la Japan Rail Pass. Ni tiketi ya wageni inayomruhusu mtu kupanda treni nyingi za kampuni za JR, zikiwamo treni za kasi za Shinkansen, kwa siku 7, 14 au 21. Lipa mara moja, panda kadri upendavyo. Nauli za Shinkansen ni kubwa, hivyo wengi hununua pasi hiyo wakiamini wameokoa fedha hata kabla ya kufunga mabegi.

Zamani ilikuwa kweli. Hadi Septemba 2023, pasi ya siku 7 ya daraja la kawaida iliuzwa yeni 29,650 nje ya Japani, kiasi kinachokaribiana na nauli ya kutoka Tokyo hadi Kyoto na kurudi. Oktoba 2023 bei ikapanda hadi yeni 50,000. Ya siku 14 ikawa 80,000 na ya siku 21 ikawa 100,000. Ushauri wa zamani bado unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, lakini hesabu yake imeshapitwa na wakati.

Hesabu ya watu wanne

Chukua mfano wa baba, mama, mtoto wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 4. Kwenye reli za Japani, mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu nauli. Aliye chini ya miaka 6 husafiri bure na mtu mzima, ilimradi asikalie kiti chake mwenyewe kilichowekewa nafasi. Kwa bei ya Oktoba 2023, pasi za siku 7 kwa familia hii ni yeni 50,000 kwa kila mzazi na 25,000 kwa mtoto mkubwa. Jumla ni 125,000.

Sasa bila pasi. Tiketi ya Shinkansen kutoka Tokyo hadi Kyoto ni takriban yeni 14,000 kwa mtu mzima na 7,000 kwa mtoto. Kwenda na kurudi, familia nzima italipa takriban yeni 70,000. Tofauti ni yeni 55,000. Ukizigeuza kuwa shilingi za Tanzania ni mamia ya maelfu, fedha za kulala hoteli iliyo karibu na kituo au za kula vizuri siku kadhaa.

Wengine watasema, "Basi tuongeze Hiroshima ili pasi ilipe." Tokyo hadi Kyoto ni takriban yeni 14,000, Kyoto hadi Hiroshima karibu 11,000, na Hiroshima kurudi Tokyo karibu 19,000. Jumla kwa mtu mzima ni kama 44,000. Bado haijafika 50,000. Ili pasi ianze kulipa, familia ingelazimika kwenda mbali zaidi, kwa mfano Fukuoka, ambako nauli ya kutoka Tokyo ni karibu yeni 23,000 kwa njia moja, tena kwenda, kurudi na kushuka njiani ndani ya siku 7.

Jambo jingine ni aina ya treni. Nozomi, iliyo ya haraka zaidi kati ya Tokyo na Kyoto, haimo kwenye pasi bila kuongeza malipo. Mwenye pasi hupanda Hikari, ambayo huchukua kama saa mbili na dakika 40, wakati Nozomi huchukua kama saa mbili na robo. Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka 4 mapajani, hizo dakika 25 si chache. Anayetaka mtoto huyo apate kiti chake atamlipia nusu nauli, na gharama hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

Pasi haisubiri mtoto alale

Fedha ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni mwili wa mtoto.

Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6. Saa 1 asubuhi ya Tokyo, mzazi anapotaka kuwaamsha watoto wawahi treni, ni saa 7 usiku Dar es Salaam na Nairobi. Mwili wa mtoto bado unajua ni usiku wa manane. Ikifika saa 6 usiku ya Tokyo, mwili wake unasema ni saa 12 jioni, muda wa kucheza. Makadirio ya kawaida ni kwamba mwili huhitaji kama siku moja kwa kila saa ya tofauti, na kuelekea mashariki huwa vigumu zaidi kuliko kuelekea magharibi. Ongeza uchovu wa safari ndefu ya kubadili ndege, na siku mbili tatu za kwanza huwa za mtoto kusinzia mezani, kukataa chakula na kulia bila sababu inayoeleweka.

Hapo ndipo pasi inapomkaba mzazi. Siku zake huhesabiwa mfululizo kwa kalenda. Siku ya kwanza ni siku hiyo hata ukianza kuitumia saa 2 usiku. Mtoto akipata homa siku ya tatu, pasi haisimami ikasubiri apone. Mzazi anayejua kila siku ya pasi ni maelfu ya yeni huona hasara kukaa hotelini, akamvisha mtoto koti na kutoka naye. Kitu kilichonunuliwa ili kurahisisha safari kinakuwa ndicho kinachoiendesha.

Anayeona pasi bado inamfaa asiianzishe siku ya kutua. Tarehe ya kuanza huchaguliwa na mwenye pasi. Kaeni kwanza Tokyo siku tatu au nne, watoto watoke nje mchana wapate mwanga wa jua, wale kwa saa za huko, usingizi ukikaa sawa ndipo pasi ianze.

Ndugu mwenyeji hana haki nayo

Familia nyingi za kwetu huenda Japani kwa sababu kuna mtu huko, mwanafunzi wa chuo kikuu au mfanyakazi. Pasi hii ni kwa waliogongewa pasipoti kama wageni wa muda mfupi. Baba anayesoma Japani kwa kibali cha ukaazi cha mwanafunzi haruhusiwi kuitumia, hata kama mkewe na watoto waliokuja kumtembelea wanaruhusiwa. Atanunua tiketi za kawaida. Hilo lijulikane kabla ya kulipa, lisigunduliwe kaunta.

Pasi ndogo zinazolipa

Si kila pasi ni hasara. Mara nyingi zile ndogo ndizo zinazomfaa mzazi.

Kwa wageni wa Tokyo kuna Tokyo Subway Ticket, inayotumika kwenye njia 13 za treni za chini ya ardhi za Tokyo Metro na Toei. Mwaka 2024 ya saa 72 iliuzwa yeni 1,500 kwa mtu mzima na 750 kwa mtoto, wakati safari moja fupi ilikuwa yeni 180. Kwa bei hizo, safari tatu kwa siku zilitosha kuirudisha. Tena inahesabu saa, si tarehe. Ukiianza saa 8 mchana, inaishia saa 8 mchana baada ya siku tatu kamili. Lakini haitumiki kwenye treni za JR, ikiwamo njia ya Yamanote, hivyo angalia kwanza hoteli iko karibu na kituo cha nani.

Kyoto kuna pasi ya siku moja ya basi na treni ya chini ya ardhi, yeni 1,100 kwa mtu mzima. Nauli ya basi la jiji ni yeni 230, kwa hiyo inahitaji kupanda mara tano. Familia yenye mtoto mdogo hupanda mara mbili au tatu, ikachoka, ikarudi kulala. Hapo nauli ya kawaida ni nafuu.

Anayekaa Osaka na kutaka kufika Hiroshima aangalie pasi za mkoa. Kansai-Hiroshima Area Pass ya siku 5 ilikuwa yeni 17,000 mwaka 2024, wakati Shinkansen ya kwenda na kurudi peke yake ni kama 21,000. Hiyo inalipa kwa safari moja tu.

Kwa safari nyingine za mjini, kadi kama Suica inatosha. Unaweka salio na kugusa mlangoni, kama watu wanavyotumia N-Card kwenye kivuko cha Kigamboni. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 awe na kadi yake ya mtoto, inayotolewa kaunta kwa kuonyesha pasipoti, ili akatwe nusu.

Jinsi ya kuamua

Chukua karatasi. Panga safari kama vile pasi haipo. Usiweke zaidi ya safari moja ndefu kwa siku, na kila baada ya siku mbili za mizunguko acha moja ya kupumzika. Andika nauli ya kila safari ndefu, jumlisha, kisha linganisha na bei ya pasi ya siku unayonunua, maana bei hubadilika. Jumla ikizidi bei ya pasi, nunua. Ikiwa chini, nunua tiketi moja moja.

Kisichofaa ni kuongeza mji wa nne ili pasi ionekane imelipa. Nauli ya mji huo utakuwa umeiokoa, lakini mtoto ndiye atakayeilipa kwa usingizi wake.