"Goweko Ndo Wapi?" Dada, Ndo Walikojua Ndege Wako Anaumwa Nini

Haya wadau, leo jina silitaji, na anayelijua abaki nalo moyoni. Ni dada wa mjini, sura yake mnaiona kwenye matangazo, ana wafuasi wa kutosha na sebule ya vioo inayoangalia bahari. Juzi kati katupostia ndege wake kafa. Lavubedi wa kijani, kichwa cha rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, kalazwa kwenye kitambaa cheupe kama maiti ya mtu mkubwa. Maneno chini ya picha: husda. Yaani kuna watu wamemuulia ndege kwa macho.

Husda gani? Siku mbili kabla, ndege huyo huyo alionekana kwenye stori kajikunyata chini ya tundu, manyoya kayavimbisha, mkia unapanda na kushuka kila anapohema. Shabiki mmoja akaandika kwa adabu zote: dada samahani, huyo inaonekana yai limemkwama, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo, na akipona uwe unampa maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, umtoe na juani, sisi huku Goweko kuku wetu tunawafanyia hivyo. Jibu alilopewa: "Goweko ndo wapi? Mi ndege wangu silishi takataka. Halafu yupo peke yake, atatagaje bila dume?" Timu yake ikamalizia kazi, mtu wa watu akatukanwa mpaka akafuta komenti. Skrinishoti zipo.

Sasa mimi naomba nijibu kwa niaba yake, maana kaulizwa maswali mawili na katukanwa mara moja.

Goweko ipo Tabora, Wilaya ya Uyui, kwenye Reli ya Kati. Ukitoka Dar kwa treni ukishapita Itigi unakuja Malongwe, Goweko, Igalula, ndo unaingia Tabora mjini. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, na kabla yake ukanda huo huo ndo ulikuwa na njia za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi wakishuka na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Hakuna mtu wa huko anayehitaji kuelezwa kuku ni nini. Ila kinachonichekesha siyo hicho. Kinachonichekesha ni kwamba huyo ndege aliyekuwa anaitwa "wa nje", wa kijani mwenye kichwa cha chungwa, ni wa hapa hapa Tanzania. Asili yake ni kusini mwa Ziwa Victoria, Serengeti, Singida, mpaka Nzega. Na Nzega, dada, ipo mkoa gani? Tabora. Umemuuliza Goweko ndo wapi jirani wa mjomba wa ndege wako.

Miaka ya 1980 hawa ndege walikamatwa porini na kupakiwa kwenda Ulaya na Marekani kwa wingi, wakawa miongoni mwa kasuku waliouzwa zaidi duniani, na huko porini wakapungua. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Kwa hiyo anapokwambia kamtoa Dubai, sawa, huenda ni kizazi cha waliofugwa, lakini babu yake kala mbegu za nyasi na mtama wa watu wa kwetu.

Swali la pili, la dume. Hili naomba tulisikilize wote kwa sababu kwenye zile komenti watu elfu na ushee walimpigia makofi. Jike la ndege halihitaji dume ili litage. Linahitaji dume ili yai liwe na kifaranga, basi. Kwani kuku wa mayai wanaowaletea trei dukani kila siku mnadhani wana waume? Lavubedi jike akiwa peke yake, ana chakula kingi, ana kakona ka kujificha, ana kioo cha kujiangalia, anaweza kuanza kutaga mayai matatu hadi sita kwa mkupuo mmoja. Kila yai linahitaji ganda, na ganda ni madini ya chokaa, kalsiamu. Asipoipata kwenye chakula mwili unachota kwenye mifupa yake mwenyewe. Ikiisha, yai linakuwa laini, na misuli ya kulisukuma nayo inaishiwa nguvu, maana misuli pia inafanya kazi kwa kalsiamu hiyo hiyo. Hapo ndo linakwama. Ndege mwenye gramu hamsini hana siku tatu za kukusubiri umalize shuti.

Na alikuwa anakula nini? Alizeti. Tunaona kwenye video zote, kibakuli cha alizeti kimejaa mpaka juu. Alizeti ina mafuta kibao na kalsiamu kiduchu. Ni sawa na kumlea mtoto kwa chipsi kavu halafu meno yakioza useme kalogwa.

Tuje kwenye "takataka".

Ganda la yai la kuku lina uzito wa gramu tano au sita hivi. Karibu asilimia 95 yake ni kalsiamu kaboneti, na humo unapata kama gramu mbili za kalsiamu tupu. Kuku anayetaga anahitaji kama gramu nne kwa siku, ndo maana wafugaji wanamrudishia maganda yake, na viwandani wanamwekea chokaa kwenye chakula. Ndege wako wa sebuleni ni mdogo mara nyingi kuliko kuku, ganda moja likisagwa linamtosha siku nyingi sana. Hiyo takataka unayoitupa kila asubuhi baada ya chapati mayai.

Ila nisije nikaonekana nawatetea wote. Kuna kundi lingine huko wasapu linasambaza "mpe ndege ganda la yai ni dawa" halafu basi, watu wanabandua ganda bichi lenye ute na kinyesi cha kuku kwenye kona wanalitupia ndani ya tundu. Hiyo ni kumpelekea salmonella mlangoni. Watu wa kijijini wenyewe hawafanyi hivyo ovyo, wanalikausha na kulivunjavunja, tena vipande vidogo, ili kuku asizoee umbo la yai akaanza kula mayai yake mwenyewe.

Kwa ndege wa ndani fanya hivi. Vunja yai, suuza ganda litoke ute wote. Chemsha maganda kwenye maji yanayotokota dakika kumi. (Tabora ni kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka chini kidogo ya nyuzi 100, ila dakika kumi zinatosha huko pia, msianze.) Ukipenda bandua ule utando wa ndani, usipobandua hakuna aliyekufa, tatizo lake unachelewa kukauka. Yatandaze juani mpaka yawe makavu kabisa, yakiguswa yanalia. Mwenye oveni ayaweke moto mdogo dakika kama kumi. Kisha twanga kwenye kinu au saga kwenye blenda. Kwa lavubedi na wale wadogo lainisha iwe kama chengachenga za chumvi, kasuku mkubwa anaweza kupewa vipande vidogo visivyo na ncha kali. Weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Ukiona unyevu au harufu, mwaga, tengeneza mengine.

Mwenye jiko la mkaa atataka kuyakaanga makavu, na hapa nawashika mkono kabisa: usitumie kikaango kile cheusi cha kisichogandisha. Kikipata moto mkali kikiwa kitupu kinatoa moshi ambao wewe hata huuhisi, na ndege ndani ya nyumba anakufa nao ndani ya muda mfupi sana. Tumia sufuria ya kawaida au chuma, na ndege awe mbali na jiko.

Yale mayai ya kuchemsha ya barabarani, na ya madirishani mwa treni, maganda yake yanafaa pia, tena yameshapikwa. Yabandue kabla muuzaji hajamwaga chumvi na pilipili, yaoshe, yakaushe.

Unampaje? Kibakuli chake peke yake, pembeni ya chakula, kiasi cha ncha ya kijiko. Akihitaji atakula, asipohitaji ataacha. Usimchanganyie kwa nguvu kwenye kila kitu, maana kalsiamu ikizidi inaumiza figo, na ndege asiyetaga hahitaji kiwango cha kuku wa mayai. Ndo maana pia chakula cha kuku wa mayai siyo cha kumshindisha kasuku.

Halafu jua. Hapa ndo sebule ya vioo inapoingia kwenye kesi. Ndege anahitaji vitamini D ili kalsiamu iingie mwilini, na anaitengeneza mwenyewe akipata mwanga wa jua kwenye ngozi. Kioo cha dirisha kinazuia ile sehemu ya mwanga inayohitajika. Kwa hiyo ndege anaweza kukaa dirishani mwaka mzima, anameremeta kwenye picha, na ndani ya mwili ni sawa na yuko stoo. Mtoe nje asubuhi dakika ishirini, nusu saa, tundu liwe na upande wenye kivuli, na mtu akae naye kwa sababu ya paka na kunguru. Bure hiyo. Dar nzima jua linatukaanga sisi, ndege tunawanyima.

Mboga nazo mjue. Mchicha ni mzuri kwenu na ugali, lakini una kitu kinachokamata kalsiamu kisiingie, kwa hiyo usiutegemee kwa kazi hii. Sukuma wiki na majani ya mlonge yanafaa zaidi.

Nikitoka kwa dada niende kwa kaka. Msanii mmoja, naye jina halitoki, ana kasuku wa kijivu mkia mwekundu anayejua kuimba kipande cha wimbo wake. Video ilisambaa ndege anaanguka kutoka kwenye kijiti, anatetemeka, anakakamaa, kisha anainuka kachanganyikiwa. Komenti: mashetani. Wengine wakataka aitwe mtaalamu. Aisee, kasuku wa kijivu wanajulikana kwa tatizo hili kuliko kasuku wengi, kalsiamu kwenye damu ikishuka wanapata degedege. Huyo anahitaji daktari kwanza, maganda baadaye, maana ganda la yai ni chakula cha kila siku, haliwezi kumuokoa mgonjwa aliyekwisha anguka. Morogoro pale Sokoine wanafundisha madaktari wa mifugo, nchi haijakosa wataalamu. Yeye akafanya nini? Akapost video inayofuata anamlisha parachichi "apate nguvu". Parachichi ni sumu kwa ndege! Watu laki na kitu wamelaiki.

Na kaka, kwa kuwa unapenda kumuonyesha, jiandae kuonyesha na karatasi. Kasuku wa kijivu tangu Januari 2017 yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa biashara ya kimataifa, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haisemi mastaa wamesamehewa kibali.

Nimalizie na kopo. Maana wiki moja baada ya msiba, yule dada katoka na bidhaa. Kopo dogo, sura yake mbele, "kalsiamu ya ndege wa kifahari", elfu thelathini na tano. Rafiki yangu alinunua, nikasoma lebo kwa tochi ya simu. Kilichomo: kalsiamu kaboneti. Tu. Hakuna vitamini D3, ambayo ingekuwepo angalau tungesema tunalipia kitu. Ni kile kile kilichomo kwenye ganda la yai, kwenye kombe la chaza, kwenye ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni, na kwenye mawe wanayosaga Wazo Hill kutengeneza saruji (saruji msiwape ndege, nawajua). Yai dukani ni shilingi mia nne, mia tano, na ndani yake unakula.

Kwa hiyo dada, au meneja wako anayesoma hapa kila siku akijifanya hasomi, swali ni moja na komenti ziko wazi: hiyo unga yenye sura yako imesagwa kutoka kwenye nini? Lebo haijasema. Na kama ni maganda ya mayai, yule mtu wa Goweko umemlipa shilingi ngapi?