Saa ya Soko, Saa ya Semina

Wiki hii sokoni Babati nimemwona mama muuza samaki akifunika beseni lake saa nne asubuhi, wateja ndiyo kwanza wanamiminika, ili awahi semina ya ujasiriamali. Semina yenyewe siipingi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata, na mafunzo hutangulia fedha. Ni sawa, maana deni lisiloeleweka humla mkopaji. Lakini soko halimngojei aliyeitwa darasani. Na huko darasani, mara ngapi nimesikia sabuni ya maji na batiki, katika mji uliozungukwa na mashamba ya mbaazi! Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, bei ya mbaazi iliporomoka na wakulima wakabaki na magunia yao. Nani aliwafundisha akina mama kufuatilia bei, kuhifadhi, kukoboa? Mafunzo yanayomkosesha mama mauzo ya siku ni mzigo, hata yakitolewa bure. Yafanyeni jioni, na mwalimu wa kwanza awe mama aliyekwisha kurejesha mkopo wake.